Kurasa Mbili za Ambilikile Sanga

Mlango wa kituo ulimtazama mzee usoni, kisha ukasema kwa sauti yake ya upole, "Ambilikile Sanga, wewe uko Sumbawanga. Tafadhali nenda ukahudumiwe Sumbawanga."

"Niko hapa," mzee akaujibu. "Nimesimama mbele yako."

Mlango ukarudia maneno yale yale.

Tumpe Mwasandube alikuwa ndani, kikombe cha chai mkononi, akidhani amesikia upepo. Kule juu Kitulo hapakuwa na mtu wa kubisha hodi asubuhi ya Juni, nyasi zikiwa zimeganda barafu. Gari la mahitaji lilipanda mara mbili kwa mwezi, likashusha maboksi yake, na kesho yake likateremka. Mitambo ya Faharasa ilikuwa imewekwa huko kwa sababu ya baridi, na Tumpe alikuwa amewekwa huko kwa sababu ya mitambo. Mwaka wa nane sasa. Alishazoea kupitisha siku tatu bila kutamka neno, na akitamka, alishtuka kusikia sauti yake imekwaruza.

Akauzima mlango, akaufungua kwa mkono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimepanda na gari la maboksi. Nimekaa nyuma, maana mbele mashine ilikataa kunitambua." Mzee alikuwa mrefu, koti lake la sufu limefungwa vifungo vyote mpaka kidevuni. "Wewe ndiye fundi wa kurasa?"

"Ndiye mimi."

"Basi nitafute. Mimi nimepotea, na nilipopotea sijui."

Tumpe akamweka jikoni karibu na jiko. Mzee akaanza kusimulia kama mtu aliyekwisha kusimulia kwenye madirisha mengi. Miaka sita simu yake haijaita. Zahanati ya kwao Makete ilimwambia macho yake yameshatibiwa Sumbawanga, naye Sumbawanga hajafika tangu azaliwe. Dirisha la mbegu lilimwambia ameshachukua. Mwanzoni alicheka. Mwaka wa pili aliacha kucheka. Mwaka wa tatu akaacha kwenda mahali popote penye mlango unaosema.

"Na watu?" Tumpe akamuuliza.

"Jirani ananisalimia. Lakini jirani naye anahama. Nina binti mmoja, Ikupa. Yuko kwenye meli zinazotengeneza nyaya za mawasiliano, kule kusini kabisa mwa dunia. Hajaniandikia hata siku moja." Akatazama mikono yake. "Lakini hilo lina sababu zake. Hilo silileti kwako."

* * *

Zamani watu walitafuta vitu. Walipokuja kutafutana wao kwa wao, ndipo Faharasa ilipoanza. Kila mtu alipewa ukurasa, na mashine ndogo zilizoitwa buibui zikawa zinapita kwenye kurasa hizo usiku na mchana, zikisoma, zikifuata viungo kutoka ukurasa huu hadi ule, zikirudi kuiambia Faharasa nani yuko wapi na ni nani wake. Mlango, zahanati, barua, simu, vyote viliiuliza Faharasa kwanza. Aliyesomwa alikuwepo. Asiyesomwa watu walisema amefifia, wakaendelea na shughuli zao.

Kazi ya Tumpe ilikuwa kuondoa vizuizi. Kiungo kilichokatika, akakiunga. Ukurasa uliokuwa mzito hata buibui wakachoka kuusubiri, akaupunguza uzito. Amri ya kuelekeza iliyompeleka msomaji kwa jirani, na ya jirani ikamrudisha alikotoka, wakazunguka hivyo bila mwisho, akaikata. Kwa kawaida alimaliza tatizo kwa nusu saa na mwenye ukurasa hakuwahi kujua jina lake.

La mzee Sanga alilipata kwa dakika nne.

Walikuwa Ambilikile Sanga wawili. Walizaliwa mwaka mmoja. Wote walistaafu kutoka kiwanda cha pareto, mmoja fundi mitambo, mwingine karani wa ghala. Siku ya kuandikishwa, msajili aliyekuwa na foleni ndefu alijaza ukurasa wa kwanza, akaunakili kama ulivyo kwa wa pili: Mstaafu wa kiwanda cha pareto. Mgane. Mtoto mmoja. Mistari mitatu, haikutofautiana hata nukta. Faharasa haipendi jambo moja kusemwa mara mbili. Ikikuta kurasa pacha, huchagua mmoja uwe mama na mwingine uwe kivuli, na kila anayekuja kwenye kivuli hupelekwa kwa mama. Lakini haifanyi hivyo peke yake. Inasubiri fundi athibitishe.

Tumpe akatelemsha macho hadi chini, kwenye jina la fundi aliyethibitisha.

Lilikuwa lake.

Akalisoma tena. Kisha akaikumbuka ile siku. Ilikuwa wiki ya usafi wa Faharasa, mvua inanyesha, na yeye ana mwaka wake wa pili kituoni. Alithibitisha kurasa pacha elfu moja mia moja na arobaini kwa siku moja, akaenda kulala amefurahi. Makao makuu walimwandikia pongezi. Hakuna mtu mwingine aliyemwandikia mwaka ule.

Jikoni, mzee alikuwa ameona ndoo ya viazi na kisu, ameanza kumenya bila kuombwa. Tumpe alimsikia akikohoa. Kutengua kungechukua dakika moja, na kumbukumbu ya nani alithibitisha ingeweza kufutika katika dakika hiyo hiyo, maana mafundi waliachiwa njia hiyo kwa dharura. Mzee angeshuka na gari kesho, simu yake ingeita, angemshukuru.

Lakini kulikuwa na namba nyingine pale. Katika miaka sita, barua mia mbili na kumi na mbili kutoka melini zilikuja kwa kivuli, ukurasa wa mzee, zikapelekwa kwa mama, ukurasa wa Sumbawanga. Na majibu mia mbili na tisa yalikuwa yametoka.

Tumpe akafunga mlango wa chumba cha mitambo, akapiga Sumbawanga.

* * *

"Sanga hapa." Sauti ilikuwa nyembamba, yenye adabu ya watu wa ofisini.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Tumpe Mwasandube, fundi wa kurasa. Napiga kutoka Kitulo."

Nyuma ya simu kuku walikuwa wanalia.

"Marahaba," hatimaye akasema. "Umekuja kumchukua."

"Kumchukua nani?"

"Ikupa."

Tumpe alikuwa amejiandaa kukasirika. Alikuwa na maneno tayari. Akajikuta amekaa kitini.

"Barua ya kwanza ilifika Jumapili," mzee wa Sumbawanga akasema. "Nilipomaliza mstari wa kwanza nilijua si yangu. Binti anamwomba baba yake radhi. Mimi wangu alikufa ana miaka tisa, aniombe radhi ya nini? Nikapiga huko kwenu kuirudisha. Mashine ikanijibu barua imefika kwa mwenyewe. Nikapiga tena. Imefika kwa mwenyewe. Wiki ya tatu akaandika nyingine. Anasema, baba, kama hutanijibu hii sitakusumbua tena, wala sitamsumbua mtu yeyote. Meli ipo kwenye barafu, jua halichomozi miezi miwili. Sasa niambie, fundi, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ukamjibu."

"Neno moja. Niliandika: Nipo."

Tumpe akaliona kwenye orodha, juu kabisa ya majibu.

"Kisha akauliza, Makete kunanyesha? Mtu akikuuliza habari ya mvua unamjibu. Nikatazama taarifa ya hali ya hewa ya Makete nikamwambia. Basi ikawa hivyo. Mia mbili na kitu. Sauti haipiti kule, ni maandishi tu, kwa hiyo hakunishtukia. Sijamwomba kitu, na sijamdanganya ila hilo moja."

"Hilo moja ni kubwa, mzee wangu. Baba yake yupo. Yuko hapa jikoni anamenya viazi."

Ikasikika pumzi ikivutwa. "Yu mzima?"

"Mzima."

"Nilimdhania amekufa. Nilijiambia amekufa." Sauti ikazidi kuwa nyembamba. "Ukitutenganisha, kwangu atapita nani?"

"Buibui watapita."

"Nakuuliza mtu."

Tumpe alijua. Alikuwa ameshaangalia. Ukurasa wa Sumbawanga ulikuwa na kiungo kimoja tu kilichouelekea, kile kilichotoka melini, na hicho kingehama na mwenyewe. Ukurasa usioelekewa na kiungo chochote mafundi waliuita yatima. Buibui huurudia siku za kwanza kwa mazoea, kisha hupunguza, na siku ya arobaini Faharasa huuacha. Ungeweza kuokolewa na kiungo kimoja tu, lakini lazima kitoke kwa mtu mwenye ukurasa, kwa hiari yake, na fundi alikatazwa kuuwekea kiungo chake ukurasa aliouhudumia kazini.

"Siku arobaini," akasema.

"Asante kwa kuniambia," mzee akajibu. "Wengine wasingepiga hata simu."

* * *

Aliporudi jikoni viazi vilikuwa vimemenywa vyote, vimelazwa kwenye maji, na mzee alikuwa anafagia maganda.

"Nimekupata," Tumpe akasema. Akamweleza yote akiwa amesimama, kwa sababu alihisi akikaa hatamaliza: kurasa pacha, mama na kivuli, mtu wa Sumbawanga, barua.

Mzee alisikiliza akiwa ameegemea ufagio. "Nani alituunganisha?"

"Mimi, baba."

"Ulikuwa na haraka gani?"

"Sikuwa na haraka. Zilikuwa nyingi tu."

Mzee akaweka ufagio ukutani. Akavaa koti, akatoka nje, na kupitia dirishani Tumpe alimwona amesimama katikati ya nyasi nyeupe, mgongo umeelekea kituo, muda mrefu kiasi kwamba viazi vilichemka na kuiva. Aliporudi hakuzungumzia kosa. Alisema, "Nipe barua zangu."

Alizisoma mezani, kiwambo cha kusomea kimeegemezwa kwenye sufuria, tangu adhuhuri hadi jua likaingia kwa dirisha la magharibi. Tumpe alijifanya ana kazi. Mara mbili alimsikia mzee akicheka kidogo puani. Mara moja alimwona ameondoa miwani na kuishika.

"Njoo usome hapa," mzee akamwita. Kidole chake kilikuwa kwenye jibu la mtu wa Sumbawanga, la mwaka wa kwanza. Tumpe akasoma: Maneno yale ya siku unaondoka yalisemwa na hofu, Ikupa, hayakusemwa na mimi.

"Huyu bwana ni mwongo," mzee akasema. "Niliyasema mimi. Nilimwambia akienda baharini asinihesabu kama ana baba, na nilimaanisha. Nilimaanisha mwaka mzima. Nilipoanza kujuta ndipo nikapotea." Akasukuma kiwambo kando. "Sasa nakuta nimeshaomba radhi. Nimeombewa, tena vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Na mwanangu amenisamehe. Mimi nimebaki kusema nini?"

"Ukweli."

"Ukweli utamvunja."

"Inawezekana," Tumpe akasema. "Naweza pia kuzigeuza barua kimya kimya. Kuanzia kesho zije kwako, wewe uendelee pale mwenzako alipoachia. Ikupa hatajua. Yule wa Sumbawanga hatasema, nimemsikia, si mtu wa kusema." Alishangaa kujisikia akitoa njia hiyo kwa sauti. "Na kosa langu halitajulikana. Nakuambia ujue kwamba ipo."

Mzee akatazama sufuria. Mvuke wa viazi ulikuwa umeshaisha.

"Niwe kivuli cha mtu aliyekuwa kivuli changu," akasema. "Hapana. Tenganisha."

"Akitengwa atafifia. Siku arobaini."

"Amenikalia miaka sita. Siku arobaini na azipate."

Tumpe hakubishana. Alichukua kiti, akavuta kiwambo. "Basi ukurasa wako lazima useme kitu ambacho wa kwake hausemi. La sivyo Faharasa itawaunganisha tena, fundi mwingine atathibitisha, na huyo hutamjua. Niambie kitu chako peke yako."

"Mimi ni mtu wa kawaida."

"Unafanya nini siku nzima?"

"Napandikiza miche ya matofaa."

"Makete nzima inapandikiza matofaa."

"Nilitengeneza mitambo."

"Na wengine walitengeneza."

Mzee akafunga kifungo cha koti. Kisha akakaa wima, kama mtu anayepigwa picha. "Andika hivi. Naitwa Ambilikile Sanga wa Makete. Nilimfukuza mwanangu Ikupa."

Vidole vya Tumpe vikasita. "Baba, ukurasa unasomwa na kila mlango. Na zahanati. Na jirani."

"Mwenzangu hilo hana. Yeye hakumfukuza mtu. Andika."

Akaandika. Barua kwa Ikupa mzee aliiandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, na hakutaka msaada wa herufi hata moja. Ilikuwa na mistari sita. Tumpe hakuisoma, aliona tu kwamba ilianza na neno "Siyo."

Baada ya hapo akakata amri ya kuelekeza, na pale palipouliza sababu, akaandika kosa ni la fundi, akaweka jina lake kamili.

* * *

Gari liliposhuka na mzee, kituo kilikuwa kimya kuliko zamani. Tumpe alishangaa kwamba ukimya unaweza kuongezeka. Makao makuu walimjibu kwa mistari miwili: cheti chake kinapitiwa upya, aendelee na kazi hadi atakapoambiwa. Hakuambiwa.

Akatoa orodha ya siku ile ya mvua. Zilibaki kurasa elfu moja mia moja thelathini na tisa. Akazipitia moja moja, na zile alizozitilia shaka akapiga simu. Nyingi zilikuwa pacha kweli, mtu mmoja aliyeandikishwa mara mbili. Kumi na saba hazikuwa. Watu wawili kati ya hao walikuwa wamekufa wakiwa wamefifia, na jamaa waliopokea simu hawakumtukana. Angependelea wamtukane.

Kila asubuhi aliangalia ukurasa wa Sumbawanga. Wiki ya kwanza buibui walipita kila siku. Wiki ya pili mara tatu. Siku ya ishirini na sita walipita mara moja, na baada ya hapo hawakupita. Alimpigia mzee yule kumjulia hali. Mara ya kwanza walizungumza habari za kuku. Mara ya pili simu ilitafuta kwa dakika nzima kabla ya kumpata. Mara ya tatu, siku ya thelathini na mbili, sauti laini ikamwambia hakuna mtu wa jina hilo Sumbawanga.

Kesho yake gari lilipanda, na mzee Sanga alikuwa amekaa mbele, kando ya dereva.

Alishuka polepole. Alikuwa amekonda. Hakungoja chai. Akatoa karatasi mfukoni, kwa sababu alikuwa amenakili barua kwa kalamu, akampa.

"Ilikuja juzi," akasema. "Nimekaa nayo siku mbili."

Tumpe akasoma amesimama upepo unampiga.

Baba,
Yako nimeipata na nimekaa wiki nne sijui nikujibu nini. Nilikuwa nimemsamehe mtu ambaye hakunikosea. Wewe sijakusamehe bado. Nilifikiri nimemaliza, kumbe sijaanza. Usinihimize.
Nimemwandikia yule mwingine mara tatu, barua zinarudi. Zinasema hayupo. Mmemfanya nini? Alikuwa ananiambia mvua katika kila barua. Yeye nimemzoea. Wewe nitakuzoea.
Ikupa.

"Ameniandikia baba," mzee akasema. "Umeona? Juu kabisa pale."

"Nimeona."

Wakaingia ndani. Mzee akakaa kwenye kiti kile kile cha jikoni, koti hakulivua. "Zimebaki siku ngapi?"

"Saba. Lakini simu imeshaanza kumkosa."

"Kiungo kinawekwaje?"

Tumpe hakuamini masikio yake, lakini hakuuliza mara mbili. Akafungua ukurasa wa mzee, akamwonyesha mahali. "Hapa. Unachagua maneno, na mtu akiyagusa anafika kwake. Buibui nao wanayasoma maneno hayo. Ndiyo yanayowaambia huyu anayeelekewa ni nani."

"Ni nani," mzee akarudia.

"Ni nani wako. Wengi huandika rafiki."

"Si rafiki. Sijawahi kumwona."

"Ndugu?"

"Kwa ukoo huenda. Lakini nitakuwa nadanganya." Akasugua paji la uso kwa kiganja. Nje dereva alikuwa anashusha maboksi, yakitua chini moja baada ya jingine. "Sijamsamehe, mwanangu. Usije ukafikiri nimemsamehe. Kuna asubuhi nyingine naamka nataka kumpiga."

"Si lazima uandike neno zuri. Liwe la kweli tu."

Mzee akavuta kiwambo karibu. Aliinua kidole, akakishusha, akakiinua tena. Kisha akakisukuma kiwambo kwa Tumpe.

"Andika wewe," akasema. "Andika: aliyenijibia."